Mabakuli Mawili ya Unga na Jicho la Mama Furaha

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, pale Buyenzi, wakati vita vimetuzunguka na Bujumbura imegawanyika mtaa kwa mtaa, nilipojua kwamba mtu mzima anaweza kuona jambo kwa macho yake mawili na bado akalikataa. Leo nina watoto wangu na ninafundisha sayansi, lakini harufu ya maandazi yanayokaangwa asubuhi bado hunipandisha hasira. Wengine huwakumbusha raha za utotoni. Mimi hunikumbusha mwanamke aliyefukuzwa na mtoto mgongoni kwa sababu ya unga.

Bibi yangu, mama yake baba, aliwauzia maandazi mafundi wa magereji ya mtaani kwetu. Kila alasiri, kabla ya saa ya watu kujifungia ndani, alikanda unga, akaufunika kwa kitambaa na kuuacha uumuke mpaka alfajiri. Hayo maandazi ndiyo yaliyotulisha, maana baba mdogo Hamisi, ambaye naye alikuwa fundi, siku nyingi alirudi mikono mitupu. Unga usipoumuka, nyumba nzima ilinyamaza.

Mama Furaha alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Alivuka mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, akikimbia mapigano ya kwao, mume hajulikani alipo, Furaha bado ananyonya. Bibi mwenyewe ndiye aliyempa chumba, na sitaki kumnyima sifa hiyo. Mama Furaha aliwafulia watu nguo, alisali Kikristo chumbani kwake kwa sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kusifu kila kitu: nywele zangu, kanga ya Bibi, hata sufuria yetu kuukuu.

Sasa, kwetu huwezi kusifu kitu kavukavu. Ukimwona mtoto mnono, ukiona ng'ombe mzuri au chungu kinachonukia, sharti useme Mashallah. Usiposema, jicho lako limeshaingia, na kitu hicho kitaharibika. Sisi tulizaliwa tukisikia hivyo. Yeye hakuna aliyemwambia.

Alasiri moja alipita karibu na jiko, akainua kitambaa, akacheka kwa furaha.

"Eh, mama! Hii unga yako iko muzuri sana. Itajaa mpaka inje!"

Bibi alisimama na mikono yake yenye unga, akingoja neno lifuate. Halikufuata. Mama Furaha alifunika bakuli vizuri, akaenda kuanika nguo.

Alfajiri unga ulikuwa umelala chini ya bakuli kama tulivyouacha. Maandazi yalitoka magumu, na mafundi walicheka kwamba watayaweka chini ya tairi gari lisirudi nyuma. Kesho yake hivyo hivyo.  Bibi alikitazama tu kile chumba cha nyuma.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitia maanani, hata mimi mwanzoni. Siku ileile ya sifa, kabla Bibi hajakanda, nilitumwa kwa Mzee Seif, mwenye duka la pembeni, nikanunua kopo jipya la hamira, levire kama wengi kwetu walivyoiita. Nchi ilikuwa imefungiwa mipaka, bidhaa hazifiki, na kopo lile lilikuwa limekaa juu kabisa, chini ya mabati yanayochoma, mpaka likafanya vumbi. Mzee Seif alilifuta kwa mkono wa kanzu ndipo akanipa. Hivyo sifa ya mgeni na kopo jipya viliingia katika maisha ya unga wetu kwa pamoja, na macho ya wote yakamwona mgeni peke yake.

"Huyu mwanamke atoke," Bibi alimwambia baba mdogo. "Mi sina ubaya naye. Lakini jicho yake itatumaliza."

Atoke aende wapi? Hilo ndilo lililonikosesha raha. Njia ya kurudi kwao ilipita Gatumba, na tulisikia kila siku yaliyokuwa yakiwapata watu njiani huko. Katika mitaa mingine walikuangalia pua wajue kabila lako kabla ya kukuuliza jina. Buyenzi ndio mtaa uliompokea kila mtu, na tulijisifu kwa hilo mpaka leo tunajisifu.

Siku hizo mwalimu wetu alitufundisha kwa maharage. Alipanda katika makopo mawili, udongo uleule, maji yaleyale, mbegu za mfuko mmoja. Moja aliliweka dirishani, la pili kabatini. Akasema kinachobadilishwa ni kimoja tu, yaani mwanga, na hicho ndicho kigeu chetu. Vingine vyote viachwe vilivyo. Kundi moja la mbegu tunalijaribu, kundi la pili tunaliacha na hali yake ya kawaida ili tuwe na cha kulinganisha. "Ukibadilisha vitu viwili kwa mara moja," alisema, "matokeo utayaona, lakini sababu hutaijua."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Bibi alinipenda, akakubali. Tulikanda unga mmoja, maji ya bomba moja, hamira ya kopo lilelile, tukaugawa katika mabakuli mawili yanayofanana. Moja liwekwe mahali Mama Furaha atakapoliona na kulisifu. La pili asilione wala asijue lilipo. Usiku yalale katika vyumba viwili vyenye ukuta mmoja, ili joto liwe sawa.

Kazi ngumu ilikuwa kwa Mama Furaha. Alikuwa ameshasikia minong'ono.

"Zaina, mi sasa najua ile neno," aliniambia, Furaha akimvuta shanga za shingoni. "Nitakuwa naisema kila siku. Mashallah, Mashallah. Si ndiyo?"

"Leo usiseme. Sema kama siku ile."

"Nikisema kama siku ile, si watanifukuza?"

"Ukisema, watajua si wewe," nilimwahidi.

Aliinama juu ya bakuli, akasema unga ni mzuri.  Hakuna aliyewahi kusifu unga kwa hofu namna ile.

Alfajiri nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilifunua bakuli alilolisifu: limelala. Nikafunua lile ambalo hakuliona: limelala vilevile, hata tofauti ya ukucha hakuna. Niliruka kwa furaha, nikamvuta Bibi kwa kanga yake aje aone.

"Umeona, Bibi? Hii hakuiona, na yenyewe haikuumuka! Si yeye!"

Bibi aliyainamia mabakuli yote mawili.

"Subhanallah," alisema. "Jicho yake ina nguvu mpaka inapita ukuta."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na kama hii ya chumbani ingeumuka?"

"Ningejua ni yeye ameharibu ile ingine."

"Na kama zote zingeumuka?"

"Ningejua jana hakukusudia. Wacha maneno mengi, mutoto. Washa moto."

Nimepita shule nyingi tangu siku ile, na sijawahi kushindwa mahali popote kama nilivyoshindwa pale jikoni. Nilitaka kuyapasua yale mabakuli. Sikuwa na maneno ya kusema kilichokuwa kikinichoma, na maneno ninayo sasa, wakati hayamsaidii mtu: matokeo yote matatu yalikuwa yameshaandaliwa jibu moja. Hapakuwa na unga duniani ambao ungemtoa yule mama hatiani. Hukumu ilitangulia, mimi nikawa napima kwa ajili ya watu wasiotaka kipimo.

Baba mdogo Hamisi alimtoa asubuhi ileile, kabla mafundi hawajaamka vizuri. Hakumpiga wala hakumtukana, na wanapolisimulia hili katika ukoo huwa wanasisitiza hivyo, kana kwamba wanastahili shukrani. Alimtolea godoro na beseni mpaka mlangoni, basi. Mama Furaha hakulia. Alijifunga mtoto mgongoni, akamgeukia Bibi.

"Mama, nilisema tu iko muzuri."

Bibi akarudi jikoni. Mama Furaha alinitazama na mimi pia, bila lawama, na hilo nalo linanikasirisha: angalau angenilaani. Kisha akaelekea upande wa barabara ya Gatumba. Niliuliza habari zake kwa wauza samaki, kwa wanawake waliovuka mpaka na mafurushi yao ya nguo, hata nilipokuwa mkubwa. Hakuna aliyemjua. Wakimbizi wenye mtoto mgongoni walikuwa wengi mno kwa mtu kumkumbuka mmoja.

Na sikiliza lililotokea siku ileile. Lori la bidhaa za Mzee Seif hatimaye lilifika. Kopo letu lilikuwa limeisha, nikatumwa, nikapewa jipya kutoka katoni iliyofunguliwa mbele yangu. Jioni Bibi akakanda, na alfajiri unga ulikuwa umeinua kitambaa na kumwagika pembeni.

"Mashallah, Mashallah!" Bibi alipiga makofi. Majirani waliitwa waje waone. "Sikuwaambia? Ametoka yeye, baraka imerudi."

"Ni hamira mpya!" nilipiga kelele. "Vitu viwili vimebadilika, Bibi! Viwili!"

"Mufunge mudomo," baba mdogo alisema, huku anatafuna.

Nilipewa andazi la moto, laini. Nilikataa kulila. Njaa iliniuma mpaka mchana, na nilikuwa radhi iniume.

Miezi ilipita. Kopo lile nalo likazeeka, na alfajiri moja unga ukawa umelala chini ya bakuli kama zamani.  Nilisubiri Bibi atafute mwenye jicho. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa bado kitupu, na uani tulikuwa sisi kwa sisi: yeye, mwanawe na mjukuu wake. Bibi aliubonyeza unga kwa kidole, akalinusa kopo, akanipa.

"Zaina, kimbia kwa Seif. Mwambie hii levire imekufa, anipe ingine."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Nilisimama na kopo mkononi nikimtazama.

"Unanitazama nini? Nenda."

Sijawahi kuacha kumpenda Bibi, na nilimshika mkono mpaka alipofariki. Hata Mashallah bado ninaisema, ninapomwona mtoto wa mtu ananawiri. Ni neno jema. Lakini kila mwaka, ninapowafundisha wanafunzi wangu vigeu na makundi, huwaletea mabakuli mawili ya unga badala ya maharage, na wanapocheka kwamba mwalimu amegeuza darasa kuwa jiko, mimi sicheki. Bibi yangu alijua kwamba hamira hufa. Alijua tangu kabla sijazaliwa. Alilikumbuka hilo siku ambayo uani hapakuwa na mgeni wa kulaumiwa.