Uso Uliooshwa

Altare ya mama yangu ilikaa juu ya meza ndogo chumbani kwake, nyumbani kwetu Izia, na haikuzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ni jiwe jeupe la alabasta, limechongwa Bikira Maria amempakata Mtoto, malaika mmoja kila upande. Babu alipewa na padre mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Padre alimweleza kwamba zamani, huko kwao, matajiri waliweka altare kama hizo karibu na vitanda, wasali bila kungoja kengele ya kanisa. Babu, mkulima wa ulezi, alitamba nayo mpaka anakufa.

Kila tukikaribia Krismasi mama aliiosha. Maji ya vuguvugu, sabuni na dodoki, kama anayemwogesha mtoto mchanga, na usoni ndipo alipokawia. Maji yale hayakumwagwa ovyo. Aliyapeleka shambani, kwenye ulezi uliokuwa umeanza kuchipua. Hakuna aliyetuambia kuwa jiwe lile huliwa na maji.

Mwaka jana macho ya mama yalipofuka, akabaki akitofautisha mwanga na giza tu. Akaanza kusali kwa kumpapasa Bikira kwa vidole, na vidole havikukuta pua wala mdomo. Uso ulikuwa laini kama ganda la yai. Akasema Bikira amemgeuzia kisogo, akaitundika rozari msumarini. Huyu ni mama aliyesali hata akisonga ugali. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nikaenda kutafuta mchongaji.

Alikuja asubuhi, mtu mpole, akamwamkia mama na kulipapasa jiwe. Alisema uso mpya unawezekana, ila pamekuwa pembamba mno, patasi inaweza kutokea upande wa pili. Nikamwambia achonge hivyo hivyo. Akaomba kwanza alione vizuri, basi tukaliweka dirishani, mama ameketi kitandani akilielekea.

Jua likapiga nyuma ya jiwe. Malaika walibaki weupe kama siku zote, maana mama hakuwasugua sana. Lakini pale palipokuwa na uso pakawaka. Mwanga ulipenya jiweni, wa rangi ya asali, ukamfikia mama kifuani. Niliogopa, sifichi. Mchongaji akavua kofia.

Mama akainua kichwa.

“Nani kawasha taa?”

Nikamwambia hakuna taa, ni jua tu, linapita pale alipokuwa anaosha. Kisha akainuka, akanyoosha mkono, na safari hii hakupapasa. Kidole kilikwenda moja kwa moja hadi usoni.

“Kumbe muda wote alikuwa ananitazama,” akasema.

Mchongaji alizifunga patasi zake kwenye kitambaa. Mama, mkono ukiwa bado pale dirishani, akanituma nimletee rozari yake.