Bingwa wa Ukutani

Mji wa Moshi una watu wa wivu wa kila aina, na mimi mwenyewe simo nje ya hesabu. Tunaonea wivu pikapu za majirani, nyumba za matofali ya kuchoma, watoto wa wenzetu waliofaulu. Sirili, fundi cherehani wa karibu na soko, hakuwa na habari na mambo hayo. Jirani yake pale Rau aliponunua pikapu, mwaka ule wa tisini na tatu, Sirili alikwenda kumpongeza kwa moyo mweupe, akaomba na lifti. Wivu wake wote, kuanzia utosini mpaka unyayoni, alikuwa ameuweka mahali pamoja tu. Aliuweka ukutani.

Ukuta wenyewe uko kwenye shamba la kahawa la zamani, ukipanda njia ya Kibosho. Walowezi waliolima pale waliujenga ili wacheze skwoshi: ukuta mrefu mbele, viwili ubavuni, mfupi nyuma, chini saruji, juu hakuna paa. Watu wawili wanaingia humo na raketi na kampira keusi ka raba. Mmoja anaupiga ukutani, mwenzake anaukimbilia aupige kabla haujadunda mara mbili. Chini ya ukuta wa mbele umepigiliwa ukanda wa bati, na mpira ukigonga bati umepoteza. Bati halina siri. Hata bibi aliyepita barabarani na mkungu wake wa ndizi anasikia kwamba mtu amekosea.

Walowezi walipoondoka, wanakijiji wakaona ile saruji ni mali, wakawa wanaanikia mahindi. Ni Sirili aliyeomba mahindi yaondolewe. Ujanani alikuwa mtunza bustani pale, akajifunza mchezo kwa kucheza na mabwana waliokosa wenzao. Alisugua sakafu, akachora mistari upya, akaita rafiki zake, akawafundisha, na akawashinda wote. Wakajiita Klabu ya Ukutani. Kwa miaka mingi hakuna aliyemgusa. Walimwita Bingwa kijiweni, sokoni, hata kanisani mlangoni. Mkewe Mektrida peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Baba Evelyn, na nadhani hilo nalo lilimkera kidogo.

Kila siku inayofuata Krismasi, watu wa Dar wakiwa wamejaa migombani kwa wazazi wao, klabu ilikuwa na fainali na mbuzi. Kwetu mbuzi hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu kipande kisicho chake umemtukana. Klabu nayo iliweka utaratibu wake: kidari ni cha bingwa. Mzee Eliezeri, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wetu, alikipokea kutoka kwenye moto, akakiweka kwenye jani la mgomba, akakikabidhi mbele ya watu wote. Sirili alikula kidari hicho kila mwaka, taratibu, akitutazama tunavyotafuna mbavu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jovin, mdogo wake Mektrida, alishuka kutoka Tarakea, mpakani na Kenya, kuja kuuza mitumba mtaa wa Pasua, akafikia kwa dada yake. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayeamkia mpaka mbwa. Sirili alimpenda. Ni Sirili mwenyewe aliyemshika mkono akampeleka ukutani, maana sisi wengine tulikuwa tumeshachoka kushindwa na tulikuwa tunatoa visingizio vya matanga. Alimfundisha kushika raketi, kusimama katikati, na kuupasha mpira joto kwapani asubuhi za Julai, kwa sababu mpira wa baridi haudundi.

Kufikia mavuno ya kahawa, Jovin alimshinda seti moja. Sirili alicheka, akampiga begani, akasema, "Umekua, shemeji." Jioni ile hakula.

Tangu hapo tulimwona mtu akiliwa na wivu kama mbao inavyoliwa na mchwa: nje imesimama, ndani unga. Alionea wivu mikono mirefu ya Jovin. Alimwonea wivu kwa kutotoka jasho. Watoto waliokaa juu ya ukuta wa nyuma walianza kupiga kelele "Jovin! Jovin!", naye akawafukuza, eti wataanguka. Mektrida akimpakulia mdogo wake ndizi za nyama kwanza, kwa kuwa ndiye mgeni, Sirili alisukuma sahani yake akasema tumbo limejaa gesi. Jovin alimletea raketi nyepesi kutoka ng'ambo ya mpaka, zawadi. Sirili alisema ahsante, akaitundika juu ya cherehani, akaendelea na ile yake ya mbao.

Halafu akaanza kumfundisha uongo. "Kona ya kushoto usiifuate mipira," alimwambia. "Pale pana utelezi, utavunja mguu." Hapakuwa na utelezi wowote. Jovin alijaribu kutii, lakini miguu yake haikumsikiliza shemeji. Kila mpira ulioangukia kona ile aliufikia, akaurudisha, akaomba radhi. Ile radhi ndiyo iliyomuua Sirili. Kushindwa na mwenye majivuno unaweza kumchukia ukapumua. Utamchukiaje mtu anayesema "samahani, shemeji" kila anapokushinda pointi?

Mzee Eliezeri alimwona, akamtania kwa ule msemo wetu wa michezoni. "Bingwa, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Shikamoo, Mzee," alijibu Sirili, na kuondoka. Ilikuwa saa kumi na walikuwa wameamkiana tangu saa nane.

Basi ikafika Desemba, na fainali ikawa ya hao wawili. Migombani hapakuzungumzwa kitu kingine. Nyumbani Rau, Mektrida alimsikia mumewe akigeuka kitandani na kutaja pointi usingizini. Asubuhi ya fainali alimkuta mdogo wake anawakatia ng'ombe majani, akamvuta nyuma ya banda. Haya alinisimulia yeye mwenyewe baadaye.

"Jovin, mdogo wangu. Leo umwachie."

"Nimwachie nini, dada?"

"Usijifanye hujui. Umwachie ashinde."

Jovin aliweka panga chini. "Shemeji si mtoto, dada. Atajua."

"Hatajua. Mwanamume akishinda haulizi ameshindaje. Wewe ukimshinda leo, mbele ya watu wa Dar, hamtakaa nyumba moja. Atakurudisha Tarakea, na biashara yako ndiyo kwanza inasimama. Na mimi nitabaki hapa na mtu aliyenuna mpaka Pasaka. Nakuomba."

Jovin aliokota panga. Kisha akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyekubali kunywa mwarobaini.

Watu walikuja mpaka wengine wakapanda miti. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, mbuzi alikuwa motoni chini ya usimamizi wa Elimringi, mchoma nyama wetu, ambaye hakuruhusu mtu kusogea. Sirili alicheza siku ile kama kijana. Nasema kweli, sijawahi kumwona akicheza vile. Wivu ulimpa miguu mipya. Alishinda seti mbili, Jovin akashinda mbili, na katika ya mwisho Jovin akatangulia. Alikuwa karibu kabisa kumaliza.

Hapo likaanza bati.

Mpira rahisi, Jovin akaupiga chini. Bati! Mwingine, rahisi zaidi. Bati! Watu wakaguna. "Kijana kachoka," alisema Ronald, mmoja wa wageni wa Dar, akiwa na mnofu mkononi ambao sijui alimwibiaje Elimringi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa Sirili na nilimwona uso. Kila bati lilipolia, alikunja shingo kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa na watu wanaocheka.

Wakalingana. Sirili akatangulia. Pointi ya mwisho aliupiga mpira dhaifu, wa mtu aliyeishiwa, ukaenda kuangukia kona ya kushoto. Ile ile. Jovin alikuwa hatua chache tu. Aliusindikiza kwa macho ukadunda mara ya kwanza, ukadunda mara ya pili, ukabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

"Bingwa! Bingwa!" Walimnyanyua Sirili mabegani. Alikuwa mgumu kama gogo huko juu. Mektrida alipiga vigelegele, kisha akauona uso wa mumewe, vigelegele vikamkatikia mdomoni.

Mzee Eliezeri alileta kidari juu ya jani. Moshi ulikuwa bado unakitoka. Sirili hakukipokea. Aliinua mkono watu wanyamaze.

"Ndugu zangu," alisema, "kabla sijala kitu hiki, kuna mtu hapa nataka kumwambia neno mbele yenu, halafu aende akafungashe vitu vyake."

Mektrida hakungoja neno lenyewe. Alikimbilia kwenye ua wa klabu, ambako masale yamepandwa mstari mzima kama yalivyopandwa kwenye mipaka yetu yote, akachuma jani moja, akarudi akamtia mdogo wake mkononi na kumsukuma mgongoni. Jovin akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya shemeji yake, na jani la sale mikononi.

Mafuta ya mbuzi yalisikika yakidondokea makaa. Mtu wa mlimani anaweza kukataa fedha, anaweza kukataa machozi. Sale hakatai. Ukiletewa sale unasamehe, liwe kosa la ng'ombe au la damu, na ukishasamehe hulitaji tena. Hivyo ndivyo tulivyokuta na hivyo ndivyo tutakavyoacha.

Lakini sale hupelekwa nyumbani kwa mtu, polepole, pamoja na wazee wenye busara. Halipelekwi mbele ya umati wenye sahani. Kwa haraka yake Mektrida alisahau jambo dogo: palipo na sale pana kosa. Na watu wote walianza kulitafuta hilo kosa. Ulikuwa unawaona. Kijana ameshindwa, kisha kijana huyo huyo anaomba msamaha? Kwa lipi?

"Mae!" alisema bibi mmoja. "Kumbe alimwachia!"

Neno likapita kati ya watu mpaka juu mitini. Mektrida aliziba mdomo kwa khanga. Sirili alisimama na kidari mbele yake upande mmoja na sale upande wa pili, na masikio yake yakageuka rangi. Kama angesema mwenyewe, angekuwa mtu wa haki aliyekataa ushindi wa bure. Sasa alikuwa mzee aliyehurumiwa.

Alilipokea jani. Angefanya nini? "Nimesamehe," alisema.

Watu wakapiga makofi, na makofi hayakuwa yake. Walimwinua Jovin, wakamfuta vumbi magotini, wakamsifu: kijana ana adabu, kijana ana moyo, siku hizi hawazaliwi tena vijana kama hawa. Wasichana wa Dar walimletea soda. Alishindwa mchezo, akapiga magoti, na bado siku ilikuwa yake. Sirili alimwonea wivu hapo kuliko siku zote, maana mpaka jana alimwonea mikono na miguu, lakini leo alimwonea kitu ambacho mazoezi hayakupi. Mtu alikuwa na ubingwa mkononi, akautupa kama ganda la ndizi, na hakupungukiwa.

Tulidhani ataondoka. Badala yake alikaa chini na kuvuta kidari. Alikila chote, pande kwa pande, bila kuinua macho wala kumkaribisha mtu. Alipomaliza alifuta kisu kwenye jani la mgomba, akamwita Jovin.

"Jumamosi, saa kumi. Njoo na raketi. Na ukiniachia tena, masale yote ya Kilimanjaro hayatakuokoa."

Jumamosi hiyo watu wa Dar walikuwa wameanza kurudi kwao na ukungu ulikuwa umeshuka. Tulikuwepo mimi, Mektrida, na Mzee Eliezeri aliyesema amekuja kuangalia kama mistari inahitaji chokaa. Jovin alicheza kwanza kwa woga. Sirili alisimamisha mchezo. "Cheza!" alifoka. Basi Jovin akacheza. Hapakuwa na kona aliyoiacha. Alimkimbiza Sirili mbele na nyuma, akamshinda seti ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na bati halikulia upande wake hata mara moja. Mektrida alikuwa amegeukia upande wa pili muda wote, akisema Salamu Maria chinichini.

Ilipokwisha, Sirili alikuwa ameegemea ukuta wake kwa viganja vyote viwili. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo. Jovin alimsogelea, akasimama mbali kidogo.

"Shemeji, umechukia?"

"Nimechukia sana."

"Basi kesho nirudi Tarakea."

Sirili aligeuka. Alikuwa analia, wala hakujificha.

"Urudi Tarakea," alisema, "mimi nicheze na nani? Okota mpira."