Kumtafuta Mama wa Chungu

Hapa Ayacucho, milimani Peru, ukimwona Wilber Ccorahua anakuja kwako na kapu, usifungue mlango kabla hujajua mna nini ndani. Mkate peke yake ni salamu. Mkate na matunda, pengine amesikia una mgonjwa. Lakini mkate, matunda na chupa ya pombe ya miwa, ujue amekuja kukuomba jambo, na glasi ikishapita midomoni mwako umekwisha kubali, hata kama hujaambiwa umekubali nini.

Ndivyo tunavyooana, ndivyo tunavyoezeka nyumba, na ndivyo Wilber alivyoamua kutengeneza filamu. Benki ilimwuliza dhamana, akaonyesha kamera. Bwana wa benki akaitazama kamera, akamtazama Wilber, akamwonyesha mlango. Akarudi kwenye kapu. Akapata baba wa betri, ndivyo tunavyomwita anayebeba gharama ya kitu, naye alikuwa fundi wa pikipiki. Akapata mama wa mavazi, shangazi yake mwenye duka la mitumba. Baba wa damu akawa muuza nyama mmoja wa sokoni, ambaye mpaka leo ana kinyongo kwa sababu damu yenyewe ilikuwa maji ya bitiruti, na yeye glasi alishainywa.

Wilber hula kwa kupiga video za harusi. Watu humkaribisha na kumwogopa kwa pamoja, maana kamera yake imeona nani alicheza na mke wa nani, naye hafuti kitu. Yeye mwenyewe hamwamini mtu. Kadi za kamera anazificha ndani ya soksi, na soksi anaivaa. Miye nilijiunga naye nilipoachana na diploma ya mawasiliano, au diploma ilipoachana nami, hatujakubaliana bado. Kazi yangu ilikuwa kushika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio.

Filamu ilimhusu pishtako. Huyo ni mumiani wa milimani kwetu, ila hataki damu, anataka mafuta. Ni mrefu, mweupe, ana koti refu, anavizia njia za upweke akitafuta watu wanono awakamue. Bibi zetu walisema mafuta hayo yalilainisha kengele za makanisa. Mama zetu wakasema mashine. Siku hizi wanasema ndege. Kila kizazi kinajua yanakopelekwa.

Alibaki mama wa chungu, wa kulisha kikosi kizima wakati wa kupiga picha kule Pacchapata, juu, ambako nyumba bado ni za mawe. Na kule mama wa chungu ni mmoja tu: Melania Tineo, mwoka mikate, mwenyekiti wa chama cha akina mama, na mwili wake haukutengenezwa kwa ubahili. Akisema ndiyo, kijiji kizima kinafunguka, nyumba, punda na waigizaji. Akisema hapana, hupati hata maji ya kunawa. Fundi wa pikipiki naye alishasema kwamba mvua zikianza anachukua betri zake. Kwa hiyo filamu yote ilikuwa imening'inia kwenye shingo ya mama huyo: anywe au asinywe.

Kabla ya kupanda, Wilber alimpa dereva wa lori tangazo lisomwe kwenye kipaza sauti cha kijiji. Alinisomea kwanza.

"Kwa ajili ya filamu, wanahitajika watu wanene, wake kwa waume. Waje wapimwe. Mtu akizidi kunenepa ndiyo bora."

"Kaka," nikamwambia, "hili tangazo..."

"Liko wazi."

"Liko wazi mno."

"Wewe shika ufagio wako, Delfín."

Tukapanda kwa gari la Ítalo Ferrandi. Ítalo ni mtu wa Lima, muuza pampu za maji, mrefu kama nguzo ya umeme na mweupe kama aliyefugwa kabatini. Wilber alimwona benki, siku ile ile ya kuonyeshwa mlango, akasema pishtako amejileta. Na kwa kuwa kule juu kuna baridi, Ítalo alivaa koti la filamu njia nzima.

Tuliingia Pacchapata mchana. Kijiji kilikuwa kimekonda. Kwenye mlango wa kwanza alikaa bibi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kwenye mlango wa pili, mzee aliyeweza kupita chini ya mlango bila kuufungua. Hata mbwa walihesabika mbavu.

"Shikamoo bibi," Wilber akasema. "Wale watu wanene wako wapi?"

"Hapa hatuna, baba. Wote wamekonda."

"Lini?"

"Juzi. Baada ya kipaza sauti."

Mama Melania tulimkuta uani, mbele ya tanuri lake, ameshika ule ubao mrefu wa kutolea mikate.

"Mimi sikujificha," akasema kabla hatujamwamkia. "Nijifiche wapi? Hakuna ghala linalonitosha. Semeni."

Wilber akaweka kapu mezani, akatoa mkate, akatoa matunda, akamimina glasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mama hakuigusa. Alikuwa anamtazama Ítalo, ambaye alikuwa ameinama asigonge kichwa kwenye boriti ya kibanda cha tanuri.

"Huyu mrefu ni nani?"

"Mwigizaji, mama."

"Ameigiza nini?"

"Bado hajaigiza."

"Koti ni lake?"

"La filamu."

"Ahaa. Mwigizaji ambaye hajaigiza, kavaa koti ambalo si lake, kaja na gari lisilo na madirisha nyuma."

Nikageuka kulitazama gari. Kweli, halikuwa na madirisha nyuma. Nilikuwa nimelipanda asubuhi nzima na sikuwa nimewaza hilo. Nikasogea kidogo upande wa mama.

Hapo Wilber, badala ya kunyamaza, akatoa mfukoni futi ya cherehani. "Mama, tukupime tu kiuno, kwa ajili ya gauni. Wewe ndiye tuliyemtaka kuliko wote."

"Nilijua," akasema Mama Melania. Akaurudisha ubao nyuma kama mtu anayepima umbali. "Ukinigusa na hicho kikamba, nakuingiza tanurini kwa kutanguliza kichwa. Na huyo mrefu nitamkunja."

Akapiga mluzi. Nyuma ya ukuta walikuwa wamekaa walinzi wa kijiji na mijeledi yao, tangu lini sijui, maana mmoja alikuwa amemaliza kula na anachokoa meno. Walichukua ufunguo wa gari, walichukua kamera, futi wakaibeba kwa ncha ya kijiti. Ufagio waliniachia.

Tulipelekwa ukumbi wa kijiji. Ndipo wanene walipotokea. Walitoka kwenye maghala ya viazi wakiwa na nyasi kichwani, wakakaa nyuma, wakiwaweka wembamba mbele. Mzee mmoja akasimama, akanyanyua mfuko mtupu wa chipsi uliofifia rangi.

"Wa mwisho kuja na kamera alitupiga picha tukivuna viazi," akasema. "Alisema ni kumbukumbu. Baadaye mwanangu akanunua chipsi mjini, mke wangu yuko kwenye mfuko. Anatabasamu. Nyumbani hajanitabasamia hivyo."

"Mzee, mimi sihusiki na chipsi," Wilber akasema.

"Ndivyo angesema mwenye chipsi."

Wilber akajieleza. Alieleza filamu mwanzo mpaka mwisho, na kila alipotaja pishtako watu walimtazama Ítalo, na kila walipomtazama Ítalo alijikunyata ndani ya koti, na alivyojikunyata ndivyo alivyozidi kufanana naye.

Mama Melania akagonga sakafu kwa ubao wake. "Maneno basi. Kama ni mwigizaji, aigize. Awe pishtako, hapa, mbele yetu."

Ítalo akanitazama mimi. Mimi nikautazama ufagio. Akasimama katikati, akanyanyua mikono, akakunja vidole, akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga msumari akiwa kanisani. Kisha akaacha, akamgeukia Wilber.

"Nianzie kushoto au kulia?"

Wa kwanza kucheka alikuwa yule bibi wa kiberiti. Baada yake ukumbi mzima, mpaka walinzi, mpaka mwenye mfuko wa chipsi.

"Huyu si pishtako," Mama Melania akasema. "Huyu, hata kuku wangu wangemkamua. Mwigizaji pia si. Mmemwokota wapi?"

"Benki," Wilber akasema kwa sauti ndogo.

"Pishtako hangurumi, kijana. Lete hilo koti."

Koti lilimfika Mama mabegani na kukataa kufungika. Hakujali. Akatoka mpaka mlangoni, akarudi taratibu, kama mtu anayepita zake, akasimama karibu na Ítalo. Uso wake ukalainika.

"Umechoka, mwanangu," akamwambia. "Unakwenda mbali? Kaa kidogo. Kula kwanza, njia haikimbii." Akatoa mkate kwenye aproni, akamwekea mkononi, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja, kama anayehesabu nyama iliyopo.

Hakuna aliyecheka. Ítalo alikuwa ameanza kutafuna kisha akaacha, mkate ukiwa shavuni. Nikaona mkono wa Wilber ukipapasa tumboni, pale kamera inaponing'inia siku zote, nayo haikuwapo.

Mama Melania akamgeukia yeye. "Pishtako huja na mkate na adabu. Kama ulivyokuja wewe leo."

Wilber akalitazama koti mabegani mwa mama. Akasema, "Basi uwe wewe, mama. Uwe pishtako."

"Na huyu mrefu?"

"Awe wa kukamuliwa."

Mama akamtazama Ítalo toka juu mpaka chini. "Atahitaji kunenepeshwa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia sauti ya mtu anayefikiria chungu.

Akatoa masharti yake. Ufunguo wa gari unabaki kwake mpaka kazi iishe. Filamu itaonyeshwa kwanza kwenye ukuta wa ukumbi huu, kabla ya mjini, na atakayejiona kwenye mfuko wowote wa kitu chochote, Wilber ndiye atakayejibu. Wilber akaitikia yote, akarudishiwa kamera. Glasi ikaletwa kutoka uani, ile ile.

Mama akainusa. Akampa Wilber. "Anza wewe." Wilber akanywa. Mama akamkodolea macho kwa muda, akamimina nyingine, akampa Ítalo. Akasubiri. Akanipa na mimi. Tulikuwa tumesimama kwenye mstari kama panya wa kujaribiwa dawa, na ukumbi mzima unatukagua mboni. Tulipokosa kuanguka, akamimina ya mwisho, akanywa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Ndivyo tulivyompata mama wa chungu, na pishtako juu yake.

Lilibaki koti, lazima lipanuliwe, na shangazi hawezi kulipanua bila kipimo. Futi Mama Melania aliikataa kabisa. Alijifungia ndani na uzi wa sufu, akajipima mwenyewe, akaukata, akatukabidhi ukiwa umefungwa kwenye kitambaa. Wilber alishuka nao mjini kwa lori, na koti liliporudi Mama alilivaa, likamkaa, akanyoosha kiganja.

"Uzi wangu."

Wilber akautoa kwenye soksi. Mama akaunyoosha kwenye mwanga, akauangalia kama haujapungua, akautupa tanurini, akasimama pale mpaka ulipokwisha kuungua. Kisha akatuambia tuwashe kamera.