Mashati Manne na Gitaa Moja la Pedali

Aibu hii ningeizika kama ningeweza, lakini kwa kuwa mtaa wetu wa Hewa Bora mzima unaijua, na hata watoto wa bombani wananiita Papa Banne, yaani Baba Wanne, afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mkaipata kwa Mama Odile, rais wa kwaya yetu, ambaye akiisimulia anaongeza vitu, na jamani, mkasa huu hauna haja ya kuongezewa kitu.

Mimi ni fundi wa vyuma, ajusteur kama tunavyosema hapa, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba. Marehemu baba aliniachia kaseti moja ya nyimbo za Wamarekani, na ndani yake mlikuwa na chombo kinacholia, sijui niseme vipi, sauti inapanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayemwita mwenzake aliye mbali. Kila ikifika pale baba alikuwa anaweka nyundo chini. Nilikaa miaka na kiu ya sauti ile bila kujua inatoka kwenye kitu gani, hadi simu iliponionyesha: gitaa la pedali, lenye miguu minne kama meza, mpigaji anakaa kwenye kiti, mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na nyayo na magoti yake yanasukuma pedali na vyuma vya kuvuta nyuzi. Basi nikalitengeneza. Nilitumia miguu ya dawati la shule, kebo za breki za baiskeli, na kile chuma cha kutelezesha ni pini ya pistoni ya lori (inateleza vizuri kuliko chochote, mkitaka kujua). Lilinichukua miaka miwili, na siku lilipokamilika mke wangu, Mama Nadège, alidhani ni meza ya kupigia pasi, akanyoosha suruali mbili juu yake kabla sijatokea.

Nililipiga kanisani, watu wakalipenda, kina mama wakalia. Lakini hakukuwa na hata mmoja wa kuniambia hapo umekosea, au kuniuliza goti la kushoto linafanya kazi gani. Nilitamani mtu mmoja, mmoja tu. Nilikuwa nikimaliza wimbo kule karakana nainua macho kumtazama mwenzangu, kila mara nakuta ukuta.

Ndiyo maana nilijiunga na kikundi cha wapigaji kwenye simu, watu wa kila nchi, wanaonyesha mikutano yao, viti vimepangwa, wanacheka, wanasahihishana. Nilizitazama zile picha kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Halafu siku moja mtu akaniuliza: huko Lubumbashi mko wangapi? Nikaandika moja. Nikaitazama ile moja, nikaiona imenyauka, nikaifuta, nikaandika nne. Sikuwa na nia mbaya, wallahi (mimi ni Mprotestanti, lakini jirani yangu ni Mwislamu wa asili ya Maniema na neno lake limeniingia mdomoni). Tatizo ni kwamba wakaomba video.

Nikatengeneza video. Nilijirekodi mara nne mbele ya ukuta uleule, dada yangu akaziunganisha kwenye simu tukaonekana tumekaa mstari mmoja. Wa kwanza alivaa shati langu, wa pili ovaroli la kazi na kofia ya shemeji iliyofunika nusu ya uso, wa tatu shati la kwaya na miwani ya jua, na wa nne, Mungu anisamehe, alivaa koti la pasta wetu, veste kama tunavyoliita, lililokuwa kwetu kwa sababu Mama Nadège ni mshonaji na alipewa alibane kiunoni. Kikundi kizima kilitushangilia. Wakatuita Wanne wa Lubumbashi. Na mimi, badala ya kuona haya, nilifurahi kwa ajili ya wale wanne, kisha nikawaonea wivu.

Wivu huo ndio ulioniamsha kutaka kuhama. Nilifanya uchunguzi kama mtu anayetafuta mke. Nashville kulikuwa na wapigaji wengi kupita kote, lakini visa yake ni ndoto ya mtu mwingine. Lagos wana muziki wao wenye gitaa hili, nikausikiliza usiku kucha, ila ni mbali na sina lugha. Nairobi wanapenda sana nyimbo za namna ile, basi linafika, na Kiswahili wanasema (cha kwao, lakini wanasema). Nikamwambia Mama Nadège nitatangulia, nikipata karakana nitamwita yeye na mtoto.

Akakata uzi kwa meno. "Bon. Weye njo unajua. Mais uulize kwanza beko bangapi kule, juu bantu ya ku simu banasemaka tu."

Alimaanisha kwamba watu wa kwenye simu husema tu; nikatoka kwenda kuuliza nauli.

Kosa la pili lilikuwa kumwambia Mama Odile, na nilimwambia tu ili asinitegemee kwenye mazoezi ya Noeli. Kwetu mtu hahami kimyakimya: anasimamishwa mbele ya kanisa, anawekewa mikono, kwaya inamwimbia, halafu watu wanakula. Mimi nilikuwa bado nafikirifikiri, kumbe Mama Odile ameshatangaza, kina mama wameshagawana nani ataleta bukari, ugali wetu, na nani samaki, na kitambaa cha kwaya kimekatwa ili nishonewe shati la kunikumbusha nyumbani. Ungewaambiaje watu hao kwamba bado unafikiri? Nikanunua tiketi ya basi la Jumanne.

Jumapili ikafika. Nimevaa shati jipya, nimepiga magoti mbele, pasta ameninyooshea mikono, akakumbuka kwamba wageni hawajajitambulisha (kwetu kila mgeni lazima asimame aseme jina na alikotoka, na pasta haruki utaratibu hata akiwa na mtu chini ya mikono yake). Akasema tumalize kwanza wageni. Akasimama mwanamume mwembamba pale nyuma, vumbi la safari hadi kwenye nyusi, na pembeni yake sanduku refu. Nililitambua sanduku kabla sijamtazama mwenyewe: lilikuwa la gitaa kama langu.

"Jina yangu Chanda, natoka Kitwe kule Zambia, mais mama yangu alizaliwa Kipushi. Nimehamia huku. Kazi nimeacha, nyumba nimerudisha. Nimekuya juu ya bale banne benye kupiga gitaa ya pedali. Banasema banapigaka mu kanisa hii."

Kanisa likanitazama mimi, maana wapigaji wa gitaa lile wanamjua mmoja tu. Chanda akatoa simu kuonyesha ile video ya kwenye kikundi. Mtu wa protokoli, anayepokea wageni mlangoni, akaipeleka kwa pasta kwa heshima zote, pasta akavaa miwani, akatazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu wa mwisho," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake, "amevaa veste yangu."

Kicheko kilianzia kwaya. Simu ikapita mkono kwa mkono, shemeji akaitambua kofia yake, Mama Odile akahesabu kwa sauti, "Huyu njo yee, huyu njo yee, na huyu pia njo yee," na mimi bado nimepiga magoti, sijabarikiwa wala sijafukuzwa. Mama Nadège alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa analia au anacheka, na hadi leo hajaniambia.

Chanda peke yake hakucheka. Akaja mbele, akachuchumaa karibu yangu.

"Papa, pardon, beko bangapi kwa kweli?"

"Mumoja," nikasema. "Ni mie tu."

Akatikisa kichwa polepole. Pasta, ambaye ni mtu mwema kuliko ninavyostahili, akasema basi mgeni asirudi na njaa, walete gitaa la pili kando ya langu. Wakatupatia viti viwili. Chanda akafunga miguu ya gitaa lake, naye amelitengeneza kwa mkono wake mwenyewe (alitumia fimbo za chuma pale nilipotumia kebo, na nikaona papo hapo kwamba ndiyo maana langu linachelewa kurudi kwenye sauti). Tukaanza wimbo wa kuaga. Katikati nikakosea, na bila kuinua uso akasema, "Goti ya kushoto, umeiachilia mbio." Miaka yote ile nilikuwa nangojea sentensi hiyo. Tulipomaliza nikainua macho, na kulikuwa na mtu. Nililia mbele ya kanisa zima na shati langu jipya, sikujali.

Alilala kwetu. Asubuhi nikamwambia abaki, nitarudisha tiketi, karakana inatosha mafundi wawili, tutakuwa wawili. Akaimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Ungeniandikia uko mumoja, ningekuya vilevile. Mumoja na mie, tuko babili, inatosha. Mais sasa kila kintu utaniambia, nitakuwa nahesabu mashati."

Nilimsindikiza hadi kwenye basi la Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, nimebeba sanduku lake. Kabla ya kupanda alinionyesha kwa kidole, hewani, jinsi ya kukunja ile fimbo ya chuma. Nairobi sikwenda, maana habari ilitangulia kwenye kikundi kabla ya basi langu, na ningefika kule na uso gani. Kebo zangu nimezibadilisha, nimeweka fimbo, na sauti inarudi mara moja.

Nimeapa kutojihesabu tena zaidi ya nilivyo. Juzi mtu mgeni kwenye kikundi aliuliza ahamie mji gani apate wenzake wa gitaa hili. Wakamtajia Nashville, wakamtajia Lagos na Nairobi, wengine wakaweka vicheko na jina langu. Nikasubiri wamalize, kisha nikaandika: Lubumbashi yuko mmoja, viti ni viwili. Chanda ameusoma ujumbe, alama nimeiona. Hajajibu, lakini hajatoka kwenye kikundi.