Pikipiki Iliyoona Haya

Juzi pale Nyakoe pikipiki ilipita ikigonga, ko, ko, na kabla haijasimama nikamwambia mwenye nayo kwamba nati ya shingo ya usukani imelegea. Nina stashahada ya ufundi niliyoisomea ng'ambo kwa jasho langu. Masikio yangu hayakosei.

Utotoni yalikosea. Baba aliazima pikipiki ya mzungu aliyemwajiri kule Nyansiongo, ampeleke hospitali nyanya yangu, mama mkwe wake, aliyekuwa akikoroma kifua. Nyanya alijificha nyuma ya migomba, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani.

"Mwambie baba yako nitatembea."

"Mwambie nyanya yako hata mtoni hafiki."

Baba alipoisogeza pikipiki, ikagonga. Niliamini nayo inaona haya. Baba aliinua gurudumu la mbele, akalisukuma mbele na nyuma huku vidole vikiwa kwenye shingo ya usukani, kisha akakaza nati kwa spana iliyonuka petroli. Ikanyamaza.

"Umeiambia nini, baba?"

"Nimeiambia imheshimu mama mkwe."

Akaniketisha katikati yao wasigusane. Nyanya alinishika kiuno kwa nguvu mpaka tulipofika. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko kile.