Kimanga Kilichokataa Kuiva

Maharagwe makavu yakimwagwa kwenye ungo yanatoa sauti ambayo mimi siipendi. Watu wa nyumbani kwangu hapa Kaloleni wananicheka. Wakitaka kuchagua maharagwe huniambia nitoke nje kwanza, kana kwamba mimi ni mtoto anayeogopa radi. Na kweli natoka. Nakaa barazani nikisubiri wamalize, na kila mara najikuta niko Sagalla, nina miaka tisa, niko nyuma ya kanisa, na mama yangu amesimama akiitazama sufuria yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tuko chini ya mkoloni, na kwetu mlimani siku kubwa kuliko zote, ukiacha Krismasi, ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Watu walipeleka madhabahuni mahindi, mihogo, mikungu ya ndizi, na kuku waliofungwa miguu ambao walijibu kila sala kabla ya waumini. Ibada ikiisha, tulikula pamoja uwanjani. Wanawake walipikia hapo hapo nyuma ya kanisa, kila mmoja na mafiga yake, kuni zake na maji yake. Sheria ilikuwa moja: chakula cha mavuno kipikwe kwa vitu vilivyotoka mlimani tu. Kitu cha dukani Voi hakikuingia. Hata magadi ya kulainishia maharagwe yalikatazwa, maana kumshukuru Mungu kwa magadi ya dukani ilionekana ni kama kumdanganya. Chumvi peke yake ndiyo iliyosamehewa, kwa sababu wazee nao walipenda chakula chenye ladha.

Mwaka ule mama alipewa kupika kimanga. Asiyekijua, kimanga ni maharagwe yaliyochemshwa pamoja na mihogo, kisha yakapondwa kwa mwiko mpaka vyote vinakuwa kitu kimoja laini unachoweza kumega kwa vidole. Siri yote iko kwenye maharagwe. Yasipoiva vizuri, umepika mihogo yenye kokoto.

Jumamosi, siku moja kabla, mama alinipa debe akanituma chemchemini. Mvua ilikuwa haba mwaka huo, na chemchemi ilidondosha maji tone kwa tone. Palikuwa na kisima kingine huko bondeni, kisima cha ng'ombe, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi na yaliacha ukoko mweupe kwenye birika. "Usiniletee ya kisima cha ng'ombe," mama aliniambia. "Maharagwe hayatakubali." Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Nilipanga debe langu kwenye foleni na nilikuwa na nia njema kabisa. Kisha mwenzangu mmoja akasema treni inakuja. Kulikuwa na jiwe kubwa ambalo ukipanda unaona tambarare yote ya Voi na moshi wa treni ukitambaa kuelekea pwani, na baba yangu alifanya kazi relini. Kila treni niliyoiona niliamini yumo ndani, ingawa kazi yake ilikuwa kukaza misumari ya reli. Tulikaa juu ya jiwe mpaka moshi ukaisha. Niliporudi, debe langu lilikuwa limesukumwa mpaka mkiani mwa foleni, nyuma ya mitungi ambayo sikuweza hata kuihesabu. Jua lilikuwa linateremka. Nikashuka bondeni mbio, nikachota maji ya ng'ombe, nikarudi nyumbani na uso wa mtoto mwema.

Hapa lazima niwaambie jambo jingine, kwa sababu bila hilo hii ingekuwa hadithi ya maji tu.

Miezi michache kabla ya sikukuu ile tulikuwa na mtoto mwingine nyumbani. Aliitwa Nyambu, mdogo wangu, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alishikwa na homa. Baba alikuwa kazini, na mama alitaka kumfunga mgongoni siku hiyo hiyo ateremke naye hospitali Voi. Lakini shangazi Mshai, dada mkubwa wa baba, ambaye tangu bibi afariki neno lake ndilo lililokuwa neno pale nyumbani, alimpapasa mtoto ufizi akasema ni meno, tusubiri. Tukasubiri siku mbili. Siku ya tatu mama alimfunga mgongoni, akaondoka bila kumuuliza mtu. Nyambu alifariki kabla hawajamaliza kuteremka mlima.

Baada ya mazishi hakuna aliyezungumza juu yake. Nguo zake zilikunjwa zikawekwa mahali nisipopajua. Mama na shangazi waliendelea kuamkiana kila asubuhi, wakaazimana moto na mchi, na kila kitu kikawa mahali pake. Mimi nilidhani hivyo ndivyo watu wakubwa wanavyosahau.

Siku ya sikukuu mama alibandika maharagwe alfajiri, ukungu bado umekaa mlimani. Mpaka ibada inaanza, yalikuwa yanaruka ruka ndani ya sufuria. Mpaka kwaya inaimba, yalikuwa bado yanaruka. Aliongeza kuni, akaongeza maji kutoka kwenye debe langu. Nilimwona akitoa haragwe moja, akalibonyeza kati ya vidole, akalirudisha. Alilirudia jambo hilo mara nyingi mno. Harufu ya chakula cha wenzake ilijaa uwanja mzima, na wanawake walianza kupita karibu na mafiga yetu polepole, wakichungulia bila kuuliza. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Badala yake nikachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Ibada ilipoisha hakukuwa na la kufanya ila kupakua. Mama aliponda mihogo na maharagwe yakabaki mazima katikati yake. Mzee mmoja wa kanisa, aliyebakiwa na meno manne, alipewa sahani ya heshima iliyojaa kimanga chetu. Alimumunya kwa muda, akitazama mbali. Kisha akaanza kuyatoa maharagwe moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani, kwa adabu kubwa. Watoto walicheka. Mimi sikucheka.

Sasa, wanawake wa kwetu walikuwa na desturi yao. Watu wakishashiba, wapishi walikaa kwenye mafiga yao wakisugua sufuria kwa mchanga na majivu, na kila mmoja alieleza jinsi chakula chake kilivyotokea. Kwa kawaida kilikuwa kipindi cha kucheka. Mama Righa, jirani yetu, alikiri kwamba mbuzi wake alinuka moshi kwa sababu ya kuni mbichi, na kwamba ini lilipungua na asiulizwe lilikwenda wapi. Shangazi Mshai akasema ndizi zake zimeiva kupita kiasi mpaka zikawa uji, lakini waliokula uji hawakulalamika.

Lakini chakula cha mavuno kikikataa kuiva, hilo halikuwa la kucheka. Waliamini hakiivi mikononi mwa mtu aliyefunga hasira moyoni. Mwenye sufuria aliulizwa, akiwa nayo anaitaja, kisha wanafanya kutasa: unapiga funda la maji, unalipuliza chini, na unatamka hasira itoke. Ni mambo ya wazee wetu tangu kabla ya kanisa. Mwalimu wa kanisa hakuyapenda, kwa hiyo yalifanyika yeye akiwa ndani anapanga mazao.

Bibi Wawuda, mkubwa wa wapishi, aliweka sufuria yake kando.

"Mama Wakesho, na wewe chakula chako kimekuwaje?"

"Kimekataa, bibi."

"Moto?"

"Moto mmeuona wenyewe tangu asubuhi."

"Labda maharagwe ni ya zamani."

"Ni ya juzi. Nimeyapura kwa mikono yangu."

"Na maji?"

Mama aligeuka akanitazama. Mimi Wakesho nilikuwa nimechuchumaa kando ya debe, na konzi ya mchanga ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua sasa ndiyo wakati, na nilijua pia kwamba siwezi.

"Ya chemchemini," mama alisema. "Huyu alinitekea jana."

Wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Miaka yote tangu siku ile, hakuna jambo jepesi nililowahi kulifanya lililonielemea kama kutikisa kichwa kule.

"Basi umefunga nini, mwanangu?" bibi Wawuda aliuliza, kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko kukemewa.

Mikono yake ilibaki ndani ya sufuria.

"Nimefunga," alisema. "Ni wifi yangu. Nilitaka kumpeleka mtoto Voi siku ya kwanza. Wifi akasema ni meno, nikamsikiliza. Kila nikimwamkia asubuhi namuuliza ameamkaje, na moyoni nasema, ni meno."

Shangazi Mshai alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa maneno, na sikuwahi kumwona akikosa jibu. Siku ile aliweka sufuria yake chini kwanza.

"Nilidhani ni meno," alisema. "Nimelea saba, wote walipata homa ya meno. Nyambu nilimpapasa ufizi nikalisikia jino, mama Wakesho. Lilikuwepo kweli. Lilikuwa linatoka."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, akiwa amekaa tu pale na miguu yake ameinyoosha, majivu mpaka viwikoni. Mama hakulia. Wanawake hawakujua wamshike nani. Mama Righa alitumwa kwenye kona ya ukuta kuangalia mwalimu wa kanisa asitokee, na alikwenda mbio kana kwamba amepewa zawadi.

Bibi Wawuda alichukua kata, akachota maji yaliyobaki kwenye debe letu. Akampa mama. Mama akapiga funda, akalipuliza chini, akasema, "Hasira itoke." Akampa shangazi kata. Shangazi alipiga funda lake akakaa nalo mdomoni muda mrefu, macho yake yakitazama lile debe. Nilijua atasema. Kisha akalipuliza chini, akajipangusa midomo kwa ncha ya leso, akasema, "Itoke."

Tulirudi nyumbani na kimanga chetu karibu chote. Kuku walikila bila shukrani. Tangu hapo nilikuwa mtoto wa kwanza kufika chemchemini, hata siku ambazo sikutumwa, na mama alinisifu kwa majirani kwamba nina bidii. Kila sifa ilinichoma. Niliamini nimemfanya mama yangu aaibike mbele ya wanawake wote, tena apokezane kata na mtu aliyemkosea, na yote hayo kwa sababu ya moshi wa treni.

Nilimwambia nikiwa mtu mzima, mwenye watoto. Mtoto wangu wa pili alikuwa ametoka kuugua, na mama alikuwa ameteremka kutoka Sagalla kuja kunisaidia. Tulikuwa tunamenya mihogo. Nikasema mama, yale maji ya sikukuu ile niliyateka kisima cha ng'ombe.

Hakuacha kumenya. "Niliyajua," alisema. "Niliyajua nilipoonja chai asubuhi ile, maharagwe yako motoni tayari. Nimeishi mlima ule miaka mingapi nisiyajue maji yake?"

"Mbona ulisema ni ya chemchemini?"

"Ningesema ni maji, wangesugua sufuria zao wakaenda nyumbani."

Nikauliza kama shangazi naye aliyajua. Akasema si alipiga funda kama yeye. Nikabaki nimeshika kisu. Watu wazima wawili walikaa na maji ya chumvi midomoni, kila mmoja akijua sababu ya maharagwe kukataa, na wote wawili wakaitema sababu ile chini.

Nilitaka sana kusikia kwamba yalisaidia. Nikamuuliza, hasira ilitoka?

"Haikutoka," mama alisema. "Ningefanyaje, nayo ni yangu? Lakini tangu tumzike sikuwa nimemsikia mtu mwingine akimtaja. Hata baba yako. Siku ile wifi alisema Nyambu, mbele ya watu, akasema alikuwa na jino."

Akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa nimebeba debe lile la maji miaka yote hiyo nikidhani ndilo kosa langu. Nilikuwa nikilala chumba kimoja na mama yangu, nikila naye, nikimtekea maji kila siku, na katika miezi ile yote sikuwahi hata mara moja kumtajia jina la mtoto wake. Nilikuwa na miaka tisa, sikujua kwamba alikuwa akilisubiri.