Nywele za Mto

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, miaka ya tisini, niliishi na Bibi, mama yake baba, kijijini Michenga. Hadi leo sijaona kitu cha kunitia kinyaa kama dimbwi la kiangazi. Wanaosifia maji ya bonde la Kilombero huja masika, mto umefurika na mpunga umesimama. Waje Agosti waone! Mto umesharudi kwenye njia yake, huku nyuma umeacha madimbwi kama mgeni aliyekula akaondoka bila kunawa. Maji yamelala, yanatoa mapovu, yananuka kambale waliooza, na juu yametanda manyuzi ya kijani, marefu, yanateleza kama makamasi. Aka! Hata kuyaandika nasikia mate yananijaa mdomoni.

Manyuzi hayo Bibi aliyaita nywele za mto.

"Mto ukirudi kwake huacha nywele," alikuwa akinionya. "Lakini bado ni zake. Ukizing'oa, nao utakung'oa damu. Utakojoa damu, mjukuu wangu, nakwambia mimi."

Niliamini. Hata kuni nilikuwa nakwenda kuokota kwa kuzunguka mbali. Kisha akaja mwalimu mpya wa sayansi, kijana mwenye suruali ya pasi, akatuagiza tulete mimea ya kwenye maji, kila aina na jina lake. Mwenye aina nyingi angekuwa wa kwanza. Nikanyoosha kidole nikamwuliza habari ya nywele za mto. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Huo ni ushirikina," akasema. "Hiyo ni mimea tu, kama mchicha."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kuwa wa kwanza kuliko nilivyopenda kula.

Jumamosi nikaenda na rafiki yangu Tabu. Yeye akabaki ukingoni na kopo tupu la maziwa, la kutilia mimea.

"Mimi simo," akasema. "Bibi yako akiuliza, leo nilikuwa kwetu naumwa."

Nikapandisha gauni, nikaingia. Tope likanipokea, vuguvugu, likapenya katikati ya vidole vya miguu, na kila nikiinua mguu lilitoa sauti mbaya ambayo sitaieleza. Nikachota vijani vidogo vinavyoelea kama chooko. Nikang'oa jani la yungiyungi. Upande wa juu ni zuri, geuza sasa! Chini limepakwa utelezi wenye mayai, yametota kama uji uliochacha. Nikapata na gugu lenye mashina ya pingili, ukilivunja linanuka shombo. Hatimaye nikafumba macho nikashika nywele zenyewe. Zikaja mkono mzima, nzito, zikidondosha maji meusi, na ndani yake wamejaa konokono wadogo, makumi kwa makumi, wamenatana. Mmoja alitambaa kwenye kiganja changu. Nikatapika pale pale.

"Usinitapikie kwenye kopo!" Tabu akapiga kelele.

Nilipotoka, ruba alikuwa amening'inia kwenye shavu la mguu, amenenepa. Tabu akamng'oa kwa kijiti huku akitema mate. Jumatatu nikapigiwa makofi darasani. Bibi sikumwambia neno.

Mwezi wa kumi mkojo ulianza kunichoma. Siku moja chooni nikaona matone ya mwisho ni mekundu. Nikaganda. Mto umenipata, nikasema moyoni, na nikajua kwa nini, na nikanyamaza, kwa sababu Bibi alikuwa na fimbo ya mpera nyuma ya mlango na hakuwa mtu wa kuiweka pambo.

Aliyegundua ni shangazi yangu Sesi, tuliyekuwa tunaishi naye. Alikuwa anafua, akaona doa kwenye nguo yangu. Nikasikia vigelegele uani.

"Mama, njoo! Huyu amevunja ungo!"

Sasa Bibi alikuwa kungwi. Wasichana wa Michenga nzima, wakikua, waliletwa kwake awaweke ndani na kuwafunda. Mjukuu wake mwenyewe je? Hakuniuliza hata swali moja. Alilia kwa furaha, akanifunika khanga, akaniingiza chumba cha ndani. Nikapakwa mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni mpaka mashuka yakanuka, nikalishwa uji mzito niongezeke. Mwali haonekani nje. Shule ndiyo kwaheri.

"Bibi, mtihani wa darasa la nne ni mwezi ujao," nilimwambia.

"Mtihani upo kila mwaka. Wewe umeshakuwa mtu mzima."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua kabisa kwamba sijawa mtu mzima, nimeingia dimbwini tu. Neno moja lingenitoa mle ndani, na sikulitoa. Nikawa nalala kwenye joto na harufu ile ya mafuta, nikijichukia, nikiwaza konokono wanatembea tumboni mwangu.

Siku ya tisa Shangazi akanong'ona mlangoni, "Mama, hii damu mbona haikatiki?"

Bibi akaingia na bakuli jeupe la bati. Akaniamuru nikojoe mbele yake. Kwanza ukaja mkojo wa kawaida, mwishoni ndiyo damu. Akalipeleka bakuli kwenye mwanga wa dirisha, akaliinamia, akalinusa. Mimi niligeuza uso kwa karaha. Yeye hakukunja hata pua.

"Hii si damu ya kukua," akasema polepole. "Uligusa nywele?"

"Sikugusa."

"Uligusa?"

Nikalia nikasema yote, mwalimu, kopo, konokono, ruba. Nikangoja fimbo. Bibi akakaa chini, bakuli liko mapajani.

Kesho yake tulitembea hadi zahanati. Mganga akapima mkojo, akasema ni kichocho, akaeleza kwamba vijidudu vyake hukaa kwa wale konokono na kuingia kwenye ngozi ya anayekanyaga maji. Akanipa vidonge vikubwa, vichungu, nikavitapika nusu nikapewa vingine. Bibi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza swali moja.

"Hata msichana aliyekwisha kukua anaweza kukojoa hivi?"

"Yeyote, mama. Wengi tu."

Njiani kurudi nilikuwa nafurahi, mtihani nitaufanya. Nilikuwa naruka ruka. Nikageuka, nikamwona Bibi amesimama katikati ya barabara, ameshika kiuno.

"Leonia," akasema.

"Leonia nani, Bibi?"

"Binti wa kule ng'ambo ya mto. Alitoka damu siku kumi na nne. Alikuwa analia kwamba inachoma. Nikamwambia ndiyo uanamke, avumilie. Alikuwa wa darasa la tano. Kwenye mavuno tukamwoza."

Nikaacha kuruka, nikarudi nikamshika mkono. Tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Bibi aliendelea kuwa kungwi miaka mingi baadaye, lakini hakumweka tena msichana ndani kabla ya kumkojolesha kwenye bakuli na kulitazama kwenye mwanga. Watu walimcheka, wengine wakasema amekuwa mchafu uzeeni. Hakujali. Mwalimu wetu alisema ushirikina, na kuhusu nywele alikuwa sawa. Kuhusu dimbwi aliyekuwa sawa ni Bibi, na mimi ndiye niliyekojoa damu. Lakini kinachonitia kinyaa nikikumbuka siku zile si tope wala konokono. Mimi nilikaa kimya siku tisa kwa kuogopa fimbo, na bado nilitoka nikafanya mtihani wangu. Leonia hakukaa kimya. Alisema inachoma.